Kibuyu cha Mtama Kilichokwenda Ndeleni

Mwenye mbegu kwako hakuchomei ghala. Mliisikia jana barazani, mwenyekiti alipoitumia kufunga kesi ya mfereji, nami nikawaona mlivyotazamana. Sasa mnaniuliza mbegu na ghala vinahusiana vipi na mfereji. Haya, msiache kupukuchua mahindi. Mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake. Methali hiyo haikuletwa na upepo kutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Matongoro, na ilizaliwa hivi.

Kati ya bonde letu na mlima wa Ndeleni kuna lile korongo mnalolijua. Kabla ya ugomvi, gulio lilikuwa pale chini, kila wiki. Watu wa mlimani walishuka na ndizi na kunde, watu wa bondeni wakapeleka mtama na kuku, na jioni kila mmoja alirudi kwao akilalamika kwamba amepunjwa. Wengine walirudi na wachumba. Kisha ukaja ukame. Maji ya mfereji unaotoka mlimani yakawa kidogo, wa juu wakayafunga, wa chini wakapanda kuyafungua kwa nguvu, na siku hiyo mtu mmoja akafa. Tangu hapo hakuna aliyezungumza tena habari za maji. Watu walihesabu maiti tu.

Mmoja wa waliofiwa alikuwa Namwai. Mumewe, Mbazi, alipigwa mshale akiwa analima, hana mkononi kitu zaidi ya jembe. Alimwachia binti mdogo aitwaye Nanzia, na alimwachia shemeji, Kirumbi, mdogo wake Mbazi, kijana aliyekuwa mcheshi wa kijiji mpaka siku ya mazishi. Baada ya mazishi Kirumbi hakucheka tena. Alichaguliwa kuongoza vijana wa ulinzi, na kila alipopita watu walinyamaza kidogo.

Sasa sikilizeni habari ya mbegu. Desturi ya Matongoro ilikuwa kwamba mbegu hailali nyumba isiyo yake. Kila mwanamke aliweka mbegu za nyumba yake darini, juu ya mafiga, moshi uzipitie kila siku ili fukusi wasizisogelee. Mgeni hakuonyeshwa hata akiwa ndugu. Ilisemekana kwamba mbegu iliyoonwa na jicho la nje husahau kuota. Lakini mashambulizi yalipozidi, wazee waliingiwa na hofu, wakaiweka desturi kando. Waliagiza mbegu za kijiji kizima zikusanywe katika ghala moja, katikati ya kijiji, na vijana wa Kirumbi walilinde.

Walidhani wamezilinda. Kumbe walikuwa wamemrahisishia adui kazi. Zamani mtu aliyetaka kuiangamiza mbegu ya Matongoro angelazimika kuingia jikoni kwa kila mama. Sasa alihitaji kinga kimoja tu cha moto.

Na kinga hicho kilikuja, alfajiri moja, baada ya walinzi kuvutwa upande wa pili wa kijiji na kelele za uongo. Kulipopambazuka, harufu ya mtama uliokaangika ilikuwa imetanda kila mahali. Ilikuwa harufu nzuri, kama ya sikukuu. Watoto waliamka wakifurahi, wakakimbilia kwenye majivu. Nanzia alirudi na kiganja cha punje zilizopasuka, nyeusi upande mmoja.

"Mama, onja," alisema. "Ni tamu."

Namwai alionja, kwa sababu mtoto alikuwa akimtazama usoni. Alitafuna polepole. Alijua kwamba anatafuna mavuno ya mwaka ujao.

Lakini Namwai alikuwa na siri. Mbegu zilipokusanywa alipeleka vikapu vyake vyote isipokuwa kibuyu kimoja cha mtama. Mama mkwe wake, siku za mwisho za uhai wake, alimwambia dari ya jikoni isiachwe tupu kamwe, na Namwai hakuwa na moyo wa kumvunjia marehemu neno. Alikuwa akikionea haya kibuyu kile, akijiona mchoyo. Siku ya moto, kibuyu hicho kikawa mbegu yote ya mtama iliyobaki Matongoro. Si nyingi, lakini ikipandwa vizuri na kugawanywa kwa haki, kila nyumba ingepata mistari michache, na mistari michache ikizaa huwa shamba la msimu unaofuata.

Alikishusha, akafungua kizibo, akamimina kidogo katika ungo. Pamoja na punje ulianguka unga mwembamba, na katika unga ule vitu vyeusi vilikuwa vikitembea. Fukusi walikuwa wameingia.

Namwai alielewa mara moja. Tangu vita vianze, hakuna aliyethubutu kuwasha moto wa kutosha, maana moshi ulimwonyesha adui nyumba yenye chakula. Watu walipika haraka haraka kwa vijiti vikavu, mara moja kwa siku, kisha wakauzima. Dari zote zilikuwa zimepoa. Na mvua ilikuwa bado mbali. Mpaka ije, kibuyu kingekuwa kimebaki na maganda na vumbi. Alizipepeta punje, akawatoa fukusi aliowaona, lakini aliujua ukweli: mayai yao yako ndani ya punje na hayapepetwi.

Siku iliyofuata alikwenda kuteka maji korongoni, kwenye kijito chembamba kinachotoka mlimani. Alipoinamisha ndoo, aliona kunde zikielea. Alizichota. Zilikuwa zimevimba na kuota kuvu jeusi, zinanuka. Zilikuwa nyingi, zikija kundi baada ya kundi, kama zilizomwagwa kwa vikapu. Namwai alikaa juu ya jiwe akizitazama zikipita.

Akamkumbuka Nakiete.

Nakiete alikuwa mwanamke wa Ndeleni. Zamani, kila baada ya mavuno, wanawake wa mlimani walishuka na kunde zao mbichi kuomba mahali pa kuanika, kwa sababu kwao mawingu hulala juu ya mapaa na jua huja kama mgeni asiye na muda. Nyuma ya nyumba ya Namwai kuna mwamba mpana ambao mchana haukanyagiki kwa joto. Nakiete alianika pale tangu Namwai akiwa bibi harusi. Alikuwa mwenye maneno mengi. Akiwaona wanawake wa bondeni wakihangaika na fukusi, alikuwa akisema, "Leteni mtama wenu kwetu. Kwetu fukusi hupata kikohozi wakafa."

Wote walicheka, na hakuna aliyepeleka, maana mbegu hailali nyumba isiyo yake.

Namwai aliinuka pale kwenye jiwe bila maji, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mshote, akamweleza yote: kibuyu, fukusi, kunde zilizooza. Mzee alisikiliza huku akichonga mpini.

"Ngoja nielewe," alisema. "Unataka mbegu ya mwisho tuliyo nayo uipeleke kwa watu waliochoma nyingine zote."

"Ndiyo, baba."

"Ulilala salama jana, mwanangu?"

"Sikulala. Baba, hapa fukusi wataimaliza kabla ya mvua. Kule kuna baridi. Na wao kunde zinawaozea, kwa sababu hawana pa kuanika. Kila mmoja ana dawa ya mwenzake."

"Dawa ya mwenzake," mzee alirudia. Aliacha kuchonga. "Unajua kwamba shemeji yako anawapanga vijana wakachome ghala la Ndeleni."

"Najua. Ndiyo maana nataka kibuyu kitangulie."

Mzee Mshote aliuweka mpini chini. Kisha alisimama, akaenda mpakani mwa shamba lake ambako isale ilikuwa imepandwa na babu yake, akakata tawi moja. Mnajua kwetu jani la isale ni nini. Anayelibeba ameomba amani, na anayemdhuru aliyelibeba hujitafutia laana.

"Nikikutuma na mbegu isirudi, watanizika mzima," alisema. "Lakini nikikuzuia nitawaambia nini wakati wa mvua, kwamba tulikuwa na wazo moja tukaogopa kulijaribu? Chukua. Usiseme umejituma. Sema umetumwa na mimi."

Namwai alimwacha Nanzia kwa jirani, akakifunga kibuyu mgongoni kwa kanga kama anavyofungwa mtoto, akaanza kupanda. Alishika isale mbele ya kifua chake kwa mikono miwili. Njia ilikuwa imeota majani, maana hakuna aliyeipita siku nyingi. Kila ndege aliporuka kichakani aliinua isale juu zaidi. Mshale uliomuua Mbazi ulitoka upande huu huu, naye alijua kwamba mahali fulani juu yake pana jicho linalomfuata. Alitamani kurudi. Aliendelea kwa sababu mgongoni kibuyu kilikuwa kikilia kwa ndani kila alipokanyaga, punje zikitelezana, na sauti ile ilimfanya asisimame.

Walimzuia penye migomba ya kwanza. Walikuwa vijana wenye pinde, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuvuta uzi.

"Mama, rudi ulikotoka."

"Nimetumwa na mwenyekiti wa Matongoro," alisema Namwai. "Nipelekeni kwa Nakiete."

Waliitazama isale. Wakatazamana. Aliyevuta uzi aliulegeza, lakini hakuushusha upinde.

Nakiete ndiye aliyekuwa mtunza mbegu wa Ndeleni. Walimkuta mlangoni pa ghala, akichambua kunde, nzima kushoto na mbovu kulia, na rundo la kulia lilikuwa kubwa zaidi. Alikuwa amekonda. Mwanawe wa kwanza alikufa katika vita vile vile. Alimtambua Namwai, na uso wake haukubadilika.

"Mke wa Mbazi. Umekuja kuomba?"

"Shikamoo, dada. Sikuja kuomba. Nimekuja kuweka."

"Kuweka nini?"

Namwai alifungua kanga, akakiweka kibuyu chini kati yao. "Mbegu. Ulisema kwenu fukusi hupata kikohozi."

Mmoja wa vijana alicheka. "Huyu mama katuletea chakula cha jioni," alisema, na wenzake wakacheka pia. Nakiete hakucheka.

"Ni sumu?" aliuliza.

Namwai akafungua kizibo, akatia punje mdomoni, akatafuna, akameza. Nakiete naye akachukua chache, akazilaza kiganjani, akazigeuza kwa kidole. Akaona matundu.

"Wamekwisha kuingia."

"Wamekwisha kuingia."

"Na hii ndiyo iliyobaki?"

Namwai alikitazama kibuyu. Alijua kwamba akisema ndiyo, atakuwa amewapa watu hawa uhai wa kijiji chake waushike mkononi. "Ndiyo hiyo tu," alisema.

Wale vijana wakaacha kuchezea pinde zao.

"Mlikuwa mnatuchukia kiasi cha kutosha," Nakiete alisema hatimaye. "Sasa mnataka nini? Nikiitunza niambiwe msaliti, ikiharibika niambiwe mwuaji."

"Nipe kunde zenu nikazianike kwenye mwamba. Unapafahamu mahali, ni pale pale."

"Kunde zetu ziende Matongoro? Kwa Kirumbi?" Nakiete alitikisa kichwa. "Hapana. Kibuyu acha. Isale siwezi kuirudisha. Lakini sikuahidi kitu, mke wa Mbazi, na kunde sikupi. Nenda kabla jua halijainama."

Namwai alishuka na mgongo mwepesi, na wepesi ule ulikuwa mzito kuliko mzigo. Alipofika Matongoro aliwakuta vijana uwanjani, wakinoa mapanga na kufunga vinga kwa nyasi kavu. Safari ilikuwa alfajiri inayofuata. Mzee Mshote alikuwa akibishana nao na hawamsikilizi. Namwai alisimama katikati yao akasema alikotoka.

Kirumbi aliweka chini jiwe la kunolea.

"Rudia, shemeji."

"Mbegu yetu iko katika ghala la Ndeleni."

"Umewapa waliomuua kaka yangu mbegu ya nyumba ya kaka yangu."

"Nimewapa waitunze. Sasa nenda kachome, shemeji. Utakuwa umemalizia kazi waliyoianza."

Kijana mmoja, Senzota, akasema, "Si neno. Tutakitoa kibuyu kwanza, halafu tuchome."

"Utakitoaje?" aliuliza Mzee Mshote. "Utabisha hodi? Utamwambia mlinzi, samahani ndugu yangu, kibuyu chetu kiko kihenge gani, nishikie kinga hiki nikitafute?"

Wawili watatu walicheka, wakajizuia. Kirumbi hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tutakwenda," alisema. "Kama kibuyu kipo, watatupa kwa mikono yao. Kama wamekula, tutachoma, na ghala, na nyumba."

"Basi nitatangulia mimi," alisema Namwai. "Njia naijua."

Wakapanda alfajiri, umande ukiwalowesha hadi magotini. Namwai alikuwa mbele, nyuma yake Kirumbi na kinga kinachofuka, na nyuma yao vijana. Katika mawingu ya mlima mtu hamwoni mtu mpaka amguse, hivyo walinzi wa Ndeleni na vijana wa Matongoro walitokeana ghafla mbele ya ghala lenyewe, karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Pinde zilivutwa. Mapanga yaliinuliwa. Mtu mmoja angekohoa tu, leo tusingekuwa hapa kupukuchua mahindi.

Nakiete alikuwa ameketi mlangoni mwa ghala. Ilionekana hakuwa ameondoka pale.

"Kirumbi mdogo wa Mbazi," alisema, kama mtu anayemwita jirani. "Umekuja na moto. Choma."

"Kibuyu kiko wapi?"

"Ndani. Nimekizika katikati ya kihenge kikubwa, mbegu zetu chini yake na mbegu zetu juu yake. Watu wetu walitaka nikitoe nje, nikiweke kando, ili mkija mkichukue na mwondoke. Nikaona nikikitoa nitakuwa nimekuita uchome. Kwa hiyo kimekaa humo. Ukichoma zetu umechoma zenu. Nasi tukikila chenu, itabidi kwanza tufukue vyetu."

Kirumbi alisimama. Kinga kilifuka moshi usoni pake na machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua kama ni ya moshi. Namwai alikuwa karibu naye. Aliutazama mkono ulioshika kinga. Alitaka kuushika, akaogopa. Akabaki amesimama kati ya mkono ule na mlango.

"Sawa," Kirumbi alisema, kwa sauti iliyokauka. "Mimi nimefungwa. Siwezi kuchoma. Na ninyi je? Kitu gani kitawazuia ninyi msishuke tena? Kwetu hamna chenu hata punje moja."

Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa yote, na aliyeugusa ni yule aliyekuja na moto. Namwai aligeuka akamtazama Nakiete. Walinzi wa Ndeleni nao walimtazama. Nakiete alitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa na weusi wa kuvu kwenye kucha.

"Anasema kweli," alisema taratibu, akiwaambia watu wake. "Jana huyu mwanamke aliniomba kunde nikamnyima. Nilitaka yeye awe na cha kupoteza, mimi nisiwe nacho. Na kunde zenyewe zinatuozea." Akainuka, magoti yakimlia. Akaingia ghalani, akatoka na kikapu kikubwa cha kunde nzima, zilizobaki za mbegu, bado zina unyevu. Mlinzi mmoja akasema, "Mama, hizo ndizo za mwisho ghalani."

"Najua ni za mwisho. Na chao si cha mwisho?"

Alimpita Namwai. Akakiweka kikapu mbele ya miguu ya Kirumbi.

"Beba."

Kirumbi alikitazama kikapu. Mwanamume wa Matongoro habebi kikapu kichwani. Hilo mnalijua hata leo. Vijana wake nyuma walijikuna, wakitazama pembeni. Ili abebe, ilimpasa kwanza aweke kinga chini. Alisimama hivyo mpaka mawingu yakaanza kupasuka kidogo upande wa mashariki. Kisha akakisokota kinga kwenye matope, kikalia, kikazimika. Akainama.

Namwai alifungua kanga yake, akaisokota ngata, akamwekea kichwani.

Walipofika bondeni, wanawake waliokuwa wakisubiri kusikia kilio waliona kwanza kikapu, kisha uso uliokuwa chini yake. Mwanamke mmoja mzee aliangua kicheko asiweze kukizuia, na Kirumbi, akipita mbele yake, akasema, "Cheka, bibi, ila usinisukume, ni za watu." Watu walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza Kirumbi kutania tangu mazishi.

Kunde zilianikwa kwenye mwamba ule. Kirumbi mwenyewe alizilinda dhidi ya kuku, mbuzi na watu wenye hasira, na hao wa mwisho walikuwa wengi. Baada ya hapo vikapu vya akiba za majumbani navyo vilishuka, na vibuyu vya akiba ndogo ndogo, za kunde na maboga zilizokuwa zimefichwa huku na huku, vikapanda. Wakati mwingine vilipeanwa korongoni kwa mkono ulionyoshwa na uso uliogeuzwa pembeni. Msidhani walipendana. Waliofiwa walibaki wamefiwa. Namwai na Nakiete walikaa msimu mzima wakizungumza habari za unyevu na matundu tu, kama watu wasio na jambo jingine duniani.

Mawingu ya masika yalipojikusanya, Nakiete alishuka na kibuyu. Namwai alikipokea mbele ya kijiji kizima. Mikono yake haikutaka kufungua kizibo. Alipomimina kwenye ungo, unga haukuanguka. Punje zilizotobolewa zilikuwa vile vile zilivyoondoka, hazikuongezeka. Nyingine zilikuwa nzima, baridi, nzito mkononi. Aliziinua puani akazinusa, kisha akakaa chini na kulia, na Nakiete akakaa kando yake akimngoja amalize. Kisha naye akapewa kunde zake, kavu, zinazolia kwenye kikapu kama kokoto, na yeye akalia, na Namwai akamngoja.

Mtama uligawanywa nyumba kwa nyumba. Uliota. Lile neno kwamba mbegu iliyoonwa na jicho la nje husahau kuota lilikufa mwaka huo, na hakuna aliyelifanyia matanga.

Baadaye bwana shamba wa kata alifika, barabara zilipofunguka. Alikuja na mpango wake wa kujenga ghala kubwa la saruji. Aliposikia habari hii akaukunja mpango wake, akauliza wanahitaji nini ili jambo hili lao liendelee. Wakamwambia madebe yenye vifuniko vinavyobana, na mtu wa kutengeneza njia ya korongo. Akayaleta madebe, na njia akaisimamia. Kwa hilo tunamkumbuka kwa heri mpaka leo.

Lakini methali bado ilikuwa haijazaliwa. Ilizaliwa baada ya mavuno ya mtama ule, wanakijiji walipokuwa wakijaza madebe ya kupeleka mlimani, na yale ya Ndeleni yakiwa yamepangwa kwenye ghala jipya la Matongoro, walilolijenga wenyewe. Mfereji ulikuwa umefungwa tena huko juu, na maneno makali yalikuwa yamerushwa kutoka pande zote mbili. Senzota alimkuta Kirumbi ameketi kizingitini mwa ghala, hana upinde wala panga.

"Kaka, kweli unakaa hivi hivi?" alisema. "Watu wa juu wamekasirika. Wakishuka leo na moto utawazuia na nini?"

Kirumbi alisogea kidogo, mlango ukaonekana, na ndani madebe ya Ndeleni, kila moja na alama ya mwenyewe.

"Kaa," alimwambia. "Tutakwenda tukazungumze nao habari ya maji, na watatukaripia, nasi tutawakaripia. Lakini moto hawaleti. Mwenye mbegu kwako hakuchomei ghala."